Nani Atatupimia Maji ya Naviundu?

Mwezi wa tano, mvua ikishakatika, mashamba ya juu yanabaki majani makavu na vumbi jekundu. Chini ku dembo hali ni nyingine. Lengalenga iko kijani, matembele yanatambaa, vitunguu vimesimama wima, na asubuhi mapema wamama wanafunga mboga mafungu mafungu kabla ya kuzipeleka ku soko. Mu Naviundu, na pembeni ya mito mingine ya Lubumbashi, mboga za kiangazi zinatoka huko.

Vitabu vinaita mahali kama hapo ardhi oevu. Siye huku Katanga tunasemaka dembo, na ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka, mu Zambia, wanasema dambo. Neno ni moja. Dembo tunaijua kwa mikono: wapi maji yanatokea kwa majembe mawili, wapi mguu unazama, wapi baridi ya mwezi wa sita inachoma majani ya nyanya. Lakini kuna mambo ambayo jembe haliwezi kuonyesha, na ndiyo tunayataka kuyazungumza na wanachama mwezi huu, hasa wale walio na watoto wanaokaribia kumaliza sekondari na bado hawajui watasoma nini.

Sponji haichagui

Lubumbashi inapata mvua ya karibu milimita 1,200 kwa mwaka, na karibu yote inanyesha kati ya Novemba na Aprili. Maji yanashuka kutoka misitu ya miombo, yanaingia katika bonde pana lisilo na miti mikubwa, na hapo yanashikwa na udongo mweusi, wenye majani yaliyooza, mzito kama ule wa kufinyangia vyungu. Kisha dembo inayaachilia kidogo kidogo mpaka Septemba. Ni sponji. Ndiyo maana tunamwagilia kwa ndoo na kopo, bila pampu na bila mazutu.

Ubaya wa sponji ni kwamba haichagui. Udongo ule unaoshika maji na mbolea unashika pia shaba, kobalti, zinki, risasi na kadmiamu. Tanuru la kuyeyushia shaba la Lubumbashi lilianza kazi mwaka 1911, na tangu siku ile mji na mgodi vimekua pamoja kama mapacha. Moshi, vumbi, maji ya kuchenjulia madini, marundo ya mabaki: kila mvua inachukua kidogo na kupeleka chini. Na chini njo tunalima.

Mto Naviundu uko katika bonde la Kafubu, na Kafubu inamwaga maji yake mu Luapula. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya vipimo vya metali katika bonde la Naviundu, mito ya Luano na Ruashi, na chemchemi ya Luwowoshi. Hawakuishia kwenye maji yanayotembea. Walichukua pia tope la chini ya mto, kwa sababu maji ya leo kesho yameshapita, lakini tope linaweka kumbukumbu. Mahali pengine metali zilipita viwango vinavyokubaliwa.

Kwa mkulima, jina la ile ripoti halina kazi sana. Yenye kazi ni hii: kuna watu waliokuja na chupa, wakainama kwenye mto, wakaandika tarehe na mahali, wakapeleka labo. Hiyo ni kazi. Inafundishwa, inalipwa, na mtoto wa mkulima anaweza kuifanya. Pengine anaweza kuifanya vizuri kuliko wengine, maana yeye hatauliza dembo iko wapi.

Fungu moja la lengalenga, wataalamu watano

Mtoto akisema anataka kuwa daktari, ukoo mzima unaelewa. Akisema injinia wa mgodi, wanachinja kuku. Akisema anataka kusoma matope, wanamuuliza kama yuko na homa. Basi tuchukue swali moja tu ambalo kila mama wa bustani anaulizwa na mnunuzi: hii mboga ya Naviundu iko salama? Tuone linahitaji watu gani kulijibu.

Wa kwanza ni mkemia. Yeye anapima maji, udongo na jani lenyewe, na mashine yake inamwambia kuna kiasi gani cha kila metali. Lakini mkemia mzuri haishii hapo, anapima na ukali wa udongo. Katika udongo mkali, wenye asidi kama ndimu, shaba, kobalti na kadmiamu zinaamka, zinayeyuka, mizizi inazinywa. Ukitia chokaa ukali unapungua na metali nyingi zinalala tena, zinashikamana na udongo. Kwa hiyo majirani wawili wanaweza kuwa na metali sawa ardhini, na mboga zao zisiwe sawa. Hapo ndipo watu wanaanzaka kushitakiana uchawi wa bustani, kumbe ni ukali wa udongo.

Wa pili ni mtaalamu wa kilimo aliyesomea udongo. Huyu anajua kwamba mboga za majani kwa kawaida zinakusanya metali kuliko nyanya au punje ya mahindi, na kwamba lengalenga inapenda kadmiamu kuliko mboga nyingi. Anajua pia jambo ambalo macho yanatudanganya. Shaba ikizidi, mmea wenyewe unalia: mizizi inabaki mifupi, majani yanageuka njano. Kadmiamu haina adabu hiyo. Mboga inaweza kuwa kijani, laini, ya kupendeza ku soko, na bado ikabeba kiasi ambacho si kizuri kwa mafigo ya mlaji akiila miaka na miaka. Na kuosha? Kuosha kunaondoa vumbi, na vumbi la huku si dogo, kwa hiyo tuendelee kuosha tena kwa maji safi. Lakini kilichopanda kupitia mizizi hakitoki kwa kuosha.

Wa tatu anapima watu. Mwaka 2009 kikundi cha watafiti, pamoja na Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kilichapisha matokeo ya mkojo wa wakazi wa Katanga. Wale waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka migodi au matanuru walikuwa na kobalti, risasi, kadmiamu na urani zaidi kuliko wale wa mbali, na watoto walikuwa na kobalti nyingi kupita kiasi. Utafiti mwingine wa mwaka 2014 ulifuata njia ambazo kobalti inapitia kuingia mwilini: mboga zinazolimwa karibu na machafuko hayo ni njia mojawapo kubwa, na kwa watoto vumbi linaloingia mdomoni nalo lina sehemu yake. Mtoto anayecheza chini wakati mama anamwagilia anapokea kwa njia zote mbili.

Tusimame hapa kidogo, maana najua maneno kama haya yanavyotembea ku soko. Hakuna anayesema watu waache kula mboga. Familia isiyokula majani inakosa damu na inakosa macho mazuri, na hasara hiyo inaonekana haraka. Kinachosemwa ni kwamba bustani si sawa zote, na bila kupima, bustani safi inaharibiwa jina pamoja na ile chafu. Mkulima wa mahali safi ndiye anayepoteza zaidi kwa kutopima.

Wa nne anasoma samaki. Kwenye Fakulte ya Sayansi za Kilimo ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi kuna kikundi cha utafiti kinachoitwa BEZHU, na jina lake kwa Kifaransa lina maana ya uhai wa viumbe na matumizi endelevu ya ardhi oevu. Yaani dembo, mabwawa, mito na maziwa ndiyo kazi yao ya kila siku. Mtafiti Bauchet Katemo Manda na wenzake walichapisha mwaka 2010 utafiti juu ya metali zinavyopanda ngazi ya chakula katika Lufira ya juu, kutoka maji mpaka kiumbe kinacholiwa. Ni kazi ya kuvua, kupima, kupasua samaki na kukaa labo siku nyingi. Haina sifa ya kupigiwa makofi, lakini bila hiyo hatungejua chochote juu ya samaki tunayekaanga.

Na kuna kisa kimoja ambacho watoto watakipenda. Mu bonde la Luapula, huko huko maji yetu yanakoelekea, kuna samaki mdogo wa madimbwi ya mvua. Dimbwi likikauka yeye anakufa, lakini mayai yake yanabaki katika tope kavu mpaka mvua nyingine, kisha yanaanguliwa. Mwaka 2014 samaki wa namna hiyo alipewa jina la kisayansi Nothobranchius chochamandai, kwa heshima ya Auguste Chocha Manda, profesa wa samaki wa hapa Lubumbashi. Kuna watu wanaopewa jina la barabara. Yeye jina lake liko ku samaki wa dembo, na halitabadilishwa na serikali yoyote.

Wa tano, na kwangu huyu ndiye anayetugusa zaidi wakulima, ni yule anayetafuta dawa. Mu Penga Penga, upande ambao moshi wa tanuru ulianguka miaka na miaka, ardhi ilibaki tupu kama sakafu. Mylor Ngoy Shutcha na wenzake walichapisha mwaka 2010 jaribio la kupanda majani ya asili ya Katanga kwenye udongo wenye shaba nyingi, wakitumia vitu viwili tunavyovijua wote: chokaa na mboji. Shabaha haikuwa kuondoa metali, maana hiyo ni gharama isiyo na mwisho. Shabaha ilikuwa kuifunga pale pale, majani yaifunike, upepo usiibebe na mvua isiishushe dembo. Angalia wazo lenyewe: majani ya kwetu, chokaa na taka za jikoni zilizooza. Lakini ilihitaji mtu aliyesoma kujua majani yapi yanavumilia, chokaa kiasi gani, na baada ya muda gani.

Kazi nyingine nitazipita haraka. Kuna wachora ramani wanaotumia picha za setilaiti kuonyesha dembo inavyoliwa na viwanja vya nyumba na mashimo ya wafyatua matofali. Kuna walinzi wa hifadhi wa ICCN mu Upemba na Kundelungu, kazi ya bunduki na ya hatari ya kweli, isichaguliwe kwa sababu ya yunifomu. Kuna wanasheria wa mazingira, wachache sana. Na kuna kazi ya kusimamia maeneo makubwa yaliyoandikwa kimataifa: nchi yetu iliingia mwaka 1996 katika Mkataba wa Ramsar, ule wa kulinda ardhi oevu uliotiwa sahihi mu Iran mwaka 1971, na mwaka 2017 bonde la Lufira, hapa hapa Haut-Katanga, liliandikwa katika orodha yake. Naviundu haimo katika orodha yoyote. Dembo ndogo za mjini hazina uzio wala mlinzi, zina siye tu.

Nani analipa?

Tuseme wazi, maana mzazi anayelipa minervali miaka mitano ana haki ya kujua. Mwajiri mkubwa wa watu wa mazingira huku kwetu ni mgodi. Sheria ya mwaka 2011 juu ya mazingira inadai mradi unaoweza kuharibu ufanyiwe uchunguzi wa athari kabla ya kuanza, na Kodi ya Madini inadai hivyo hivyo. Kwa hiyo makampuni yanahitaji watu wa kupima maji, kuandika ripoti, kusimamia mabwawa ya mabaki. Wanalipa vizuri kuliko wengine. Serikali nayo ina kazi hizi, kwenye Shirika la Mazingira la Kongo na idara za jimbo, lakini mshahara wa Leta tunaujua. Miradi ya wafadhili inalipa, kisha baada ya miaka miwili au mitatu mradi unafunga mlango na kijana anaanza kutafuta tena. Chuo kikuu ni njia ndefu ya uvumilivu.

Mtoto akienda kufanya kazi ya mazingira ndani ya mgodi hajawa adui. Mtu mwaminifu aliye ndani, anayekataa kuandika namba ya uongo, anaweza kutuokolea maji kuliko mikutano kumi. Lakini haifai wote wawe upande ule. Sheria ile ile ya 2011 inataka wananchi waulizwe kabla mradi haujakubaliwa. Na tunajua inavyokwendaka: kitabu kinene cha Kifaransa kinawekwa mezani, mtu anaeleza kwa nusu saa, tunasaini liste ya waliohudhuria, tunapewa sukre, tunarudi nyumbani. Juu ya nini? Juu ya kwamba hakuna kati yetu aliyeweza kufungua ukurasa wenye jedwali la maji na kuuliza: hii sampuli mliichukua mwezi gani? Juu ya bomba la kiwanda ao chini yake? Mbona hakuna kipimo cha tope?

Maswali matatu tu kama hayo yanabadilisha mkutano. Ushirika wenye wanachama mia mbili hauhitaji wataalamu kumi. Unahitaji mtoto wake mmoja anayeweza kusoma jedwali lile na kusimama.

Njia ya kufika

Inaanza sekondari, na hapa ndipo wengi wanafungiwa mlango bila kujua. Mtoto anayetaka kazi hizi anahitaji diploma ya Serikali katika sehemu ya sayansi, ile ya biolojia na kemia, au sehemu ya kilimo. Akichukua sehemu nyingine kwa sababu shule iko karibu, kurudi nyuma ni kazi. Hesabu asizikimbie: kupima ni hesabu. Kifaransa cha kuandika ripoti ni lazima, na Kiingereza kitamfaa mbele, maana sehemu kubwa ya tafiti, hata zile juu ya mito yetu, zinachapishwa kwa Kiingereza. Siye tunazalisha maji machafu, na kusoma juu yake inabidi tupite lugha ya watu. Tuache hayo.

Ku Chuo Kikuu cha Lubumbashi milango ni kadhaa. Fakulte ya Sayansi za Kilimo kwa udongo, misitu, samaki na maji. Fakulte ya Sayansi kwa kemia, biolojia, jeolojia. Shule ya Afya ya Umma kwa anayetaka kupima watu. Kwa mpango wa sasa wa masomo, lisansi ni miaka 3 na masta 2. Anayetaka kuendelea zaidi ya hapo anaweza kutazama ERAIFT ya Kinshasa, shule iliyoanzishwa mwaka 1999 kwa msaada wa UNESCO, inayofundisha usimamizi wa misitu na ardhi za tropiki kwa watu wa nchi nyingi za Afrika.

Neno moja juu ya mabinti. Ku dembo, mikono mingi inayomwagilia na kuvuna ni ya wanawake. Msichana aliyekua akimsaidia mama yake anajua mwezi gani maji yanabadilika rangi, na siku gani yananuka. Hiyo ni elimu ya nusu. Kumnyima ile nusu nyingine kwa sababu ataolewa ni kutupa mbegu iliyokwisha kuota.

Na pesa? Kodi ya Madini, vile ilivyorekebishwa mwaka 2018, inataka kampuni ya mgodi itenge angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaoguswa na mradi wake. Mara nyingi wakiulizwa, watu wanataja shule, kisima, zahanati. Ni vizuri. Lakini hakuna kinachokataza viongozi wa mtaa kusema pia: tunataka bursi mbili kwa mwaka, za kemia na za udongo, kwa watoto wa wakulima wa dembo. Mwenye kuliandika ombi hilo aandike na masharti yake: kijana asifungwe kufanya kazi kwa kampuni hiyo, na akija likizo alete ripoti ku ushirika. Ndani ya ushirika wenyewe, sheria ya OHADA inayotuongoza inadai sehemu ya faida iwekwe akiba ya mafunzo na elimu ya ushirika. Akiba ile si ya bursi ya mtu mmoja, tusiigeuze. Lakini siku mbili za kufundisha wanachama kuchukua sampuli, mkutano mkuu ukikubali, zinaweza kuingia humo.

Kabla diploma haijafika

Kuna mama atasema: "Mie minakunywaka ile maji tangu niko mutoto, na siyakufa." Ni kweli, mama, na hatubishani. Metali hizi haziuwi kama kipindupindu, zinajilimbikiza. Ndiyo sababu kipimo kimoja hakitoshi, na ndiyo sababu kazi inaweza kuanza leo na kijana wa sekondari mwenye kaye na kalamu.

Aanze na karatasi za kupimia ukali wa maji, zile zinazobadilika rangi. Maji ya mto ya kawaida yako karibu na 7. Yakishuka chini ya 5, kuna jambo. Aandike kila wiki, mahali pale pale, saa ile ile: namba, rangi ya maji, harufu, mvua ilinyesha jana ao hapana, kama samaki au vyura wamekufa. Miezi kumi na miwili ya kaye kama hiyo mtaalamu wa maji ataipokea kwa mikono miwili, maana yeye anakuja mara mbili kwa mwaka na hajui kilichotokea katikati.

Atazame na mimea. Kuna ua dogo la zambarau, Haumaniastrum katangense, ambalo wazee wa uchunguzi wa madini walilifuata kwa sababu linastawi pale penye shaba. Likiota lenyewe pembeni ya matuta yenu, hapo si mahali pa kuanzisha bustani mpya ya majani kabla ya kupima.

Kwa sampuli ya kupeleka labo, kwanza ulizeni labo yenyewe, kwa sababu kwa metali wanaweza kutaka kutia asidi kidogo kwenye chupa. Kwa kawaida chupa ni ya plastiki, mpya au iliyooshwa vizuri. Isuuze mara tatu kwa maji yale yale ya mto. Simama uso ukielekea maji yanakotoka, chota katikati, si pembeni wala juu juu, na mguu wako usitibue tope. Funga, andika hapo hapo mahali, tarehe na saa. Usiseme nitaandika nyumbani. Iweke ku baridi. Kwa udongo, chukua sehemu tano za bustani moja, kina cha kutoka juu mpaka sentimita 20, kwa kijiti au kijiko cha plastiki, maana jembe la chuma linaweza kuacha chuma chake. Changanya kwenye ndoo safi, toa nusu kilo. Hiyo ni sampuli moja. Ukichukua pale penye majani mazuri tu, umejidanganya. Ukichukua pale pabaya tu, umemdanganya jirani.

Wakati matokeo yanasubiriwa, mkulima hana haja ya kukaa mikono mitupu. Mboji na chokaa vinasaidia. Maji yakibadilika rangi ghafula, acha kumwagilia siku ile. Mafungu ya mboga yasiwekwe chini kwenye vumbi la barabara. Sehemu yenye mashaka ipewe mahindi au nyanya, lengalenga ihamie kule kulikopimwa.

Vipimo viwili kwa mwaka vinatosha kuanza: kimoja Februari, mto ukiwa umejaa, kingine Septemba, maji yakiwa machache na mazito. Kila mara chupa mbili, moja ya juu ya bustani zenu na moja ya chini yake, ili ijulikane kilichokuja na mto na kilichotoka kwenu, kwa sababu mbolea na dawa zetu nazo zinashuka. Gharama ya labo igawanywe kati ya vikundi vinavyotumia mto mmoja. Matokeo yasomwe mbele ya watu wote, hata yakiwa mabaya, na kaye ikae ku ofisi ya ushirika, si nyumbani kwa prezida.